Mlibertaria na mliberali mamboleo: yupi wako, wa dola iondoke au wa dola ilinde soko?

Rais wa Argentina, Javier Milei, ana mbwa wakubwa kinoma aliowapa majina ya wachumi, mmoja Milton, mwingine Murray, afu kuna Robert na Lucas. Milton ni Milton Friedman, anayehesabiwa kwa waliberali mamboleo, Murray ni Murray Rothbard, mlibertaria wa kutupwa. Mtu akisikia hivyo anasema aah wote si wale wale wa soko huria, na hapo ndo wengi wanapotea, kwa sababu Rothbard alipokuwa hai alikuwa anamnanga Friedman waziwazi, anamuona ni mtu wa serikali aliyevaa koti la soko. Hao mbwa wanaweza kulala banda moja, wenye majina wasingeweza.

Nimeona niziweke hizi fikra mbili sambamba maana siku hizi kuna vijana wanajiita walibertaria (libertarian) kwa kujiamini kabisa, na kuna wengine wanatukanwa kuwa ni waliberali mamboleo (neoliberal, hili la pili karibu hakuna anayejiita mwenyewe, unabandikwa tu), ukimuuliza yeyote kati yao tofauti iko wapi anaanza kuangalia juu.

Wanaanzia sehemu moja. Wote wanasema kitu cha kwanza ni mtu mmoja mmoja na uhuru wake, na uhuru wanaoumaanisha ni ule wa kutoshikwa shati, yaani asiwepo mtu wa kukulazimisha ufanye usichotaka au kukuzuia kufanya lako. Ukiwaambia mwenye njaa hayuko huru wote watakwambia njaa ni shida nyingine, usiichanganye na uhuru. Wanapoachana ni kwenye swali dogo sana: hilo soko limetoka wapi?

Mlibertaria anasema soko lipo lenyewe, watu wawili wakikutana mmoja ana mihogo mwingine ana samaki biashara imeshaanza, wewe serikali unachofanya ni kuja kusimama katikati. Mliberali mamboleo anasema hapana, soko linatengenezwa. Linataka mahakama inayofanya kazi, pesa isiyoyeyuka, mikataba inayoheshimika, mtu wa kuzuia matajiri wawili wasikae chemba wakapanga bei. Kwa hiyo anataka dola, tena dola yenye nguvu, ila nguvu yake ikae pale pale kwenye kulilinda soko isianze kuuza sukari.

Na huu mgogoro haujaanza jana. Aprili 1947 mchumi Friedrich Hayek aliwakusanya wasomi wasiozidi 40 kwenye mlima wa Mont Pelerin huko Uswisi, ndo kikao kinachohesabika kama mwanzo wa mtandao mzima wa uliberali mamboleo, ingawa neno lenyewe lilishaanza kutumika kwenye mkutano wa Paris wa 1938. Friedman alikuwepo, na mzee Ludwig von Mises, mchumi ambaye walibertaria wanamheshimu sana, naye alikuwepo. Friedman amesimulia kwamba walipofika kwenye mjadala wa mgawanyo wa kipato, kama ni sawa kodi imsaidie aliye chini, Mises alinyanyuka akawaambia nyie wote humu ni kundi la wajamaa, akatoka zake nje. Yaani hicho ni chumba cha Hayek na Friedman, mzee anawaita wajamaa!

Kodi

Hapa ndo rahisi kujipima. Robert Nozick, aliyekuwa profesa wa falsafa Harvard, kwenye kitabu chake cha 1974 anasema kodi ya jasho lako iko daraja moja na kazi ya kulazimishwa. Chukua mtu anayekatwa asilimia 30 ya mshahara, kwa siku kumi za kazi tatu hakujifanyia yeye, na hakuulizwa. Nozick anaiachia dola vitu vichache tu, polisi, mahakama, jeshi, kulinda mikataba, basi, kama mlinzi wa usiku na filimbi yake. Rothbard akaona hata huyo mlinzi ni mwizi, polisi na mahakama navyo viuzwe na makampuni, mteja achague, na kodi ni wizi full stop.

Friedman ukimpeleka hapo hafiki. Yeye anasema kodi iwepo, iwe nyepesi, na maskini apewe hela taslimu mkononi badala ya kumfungulia ofisi kumi na saba za kumhudumia. Hayek naye mwaka 1944 aliandika kabisa kwamba nchi ikishafikia utajiri fulani hakuna ubaya kumhakikishia kila mtu chakula, nguo na pa kulala. Na kuna kitu walibertaria hawakumsamehe Friedman mpaka leo: wakati wa vita kuu ya pili alikuwa wizara ya fedha ya Marekani, na alishiriki kubuni ule utaratibu wa kodi kukatwa kwenye mshahara kabla hujaushika, ulioanza 1943. Kila mwenye ajira anaujua, ukiangalia salary slip unaona hela ilishapita.

Meza yangu ya kava za simu

Nilishawahi kuwa na meza ya kava za simu na chaja pembeni ya stendi moja sitaitaja. Mbao nne, kitambaa cheusi, kava zimening'inia kwenye waya, mtaji wote haufiki laki tatu. Asubuhi moja wakaja mgambo na kirikuu, wakabeba meza na vitu vyake, mama muuza mihogo jirani yangu akaniambia "kimbia nayo mwanangu, ukiiacha huioni tena", nikaifuata mpaka ilikopelekwa, nikalipa, meza nikarudishiwa ila kava zilikuwa nusu. Risiti hamna. Nakumbuka nilivyokuwa narudi na ile meza kichwani nilikuwa mlibertaria mkubwa kuliko Rothbard, nilikuwa sijui tu kama panaitwa hivyo.

Maana mlibertaria angekaa upande wangu bila kupepesa. Meza yangu, kava zangu, mteja kaja kwa miguu yake, hakuna aliyelazimishwa, huyu wa tatu ametokea wapi? Hata vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya 20,000 alivyoanzisha Rais Magufuli Desemba 2018, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, ambavyo kwa sisi wengi vilikuwa afadhali kubwa, mlibertaria angeuliza kwanini ulipie ruhusa ya kujitafutia.

Ila ngoja, kuna kitu nilikuja kukifikiria baadaye. Pale nilipoweka meza ni pa nani? Mimi sijapanunua. Kwenye dunia ya mlibertaria kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, mpaka ile njia ya waenda kwa miguu, na mwenyewe akisema toka unatoka, hana haja ya kukupa sababu wala risiti wala huna diwani wa kumlilia. Kwa hiyo mgambo wangeondoka ila mlinzi wa kampuni angekuja, na huyo ana haki zote. Nimewauliza marafiki zangu wa mrengo huo, jibu lao ni kwamba mwenye eneo angeona faida kukupangisha. Labda. Na labda angempangisha mwenye duka la vioo.

Mliberali mamboleo yeye angeangalia ile meza akasema shida yako kijana ni kwamba hauonekani. Huna karatasi. Haya ndo mawazo ya Hernando de Soto wa Peru, kwamba maskini wana mali ila ni mtaji mfu kwa sababu haujaandikwa popote, na hapa kwetu hayakubaki vitabuni, 2004 wakati wa Mkapa taasisi ya huyo de Soto ilikuja kufanya kazi na serikali ikatoka MKURABITA, ule mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge. Pima kiwanja, toa hati, mtu aende nayo benki akakope. Angalia sasa nani anafanya kazi hapo: serikali. Inapima, inaandika, inagonga muhuri, inatunza daftari. Mjomba wangu kijijini alipata hati ya kimila akavaa suti kabisa kwenda nayo benki, anasema waliishika kama wameshika cheti cha ubatizo, wakamrudishia kwa heshima. Lakini wazo unalielewa, na mimi kwenye hili bado naona wana hoja kuliko wale wengine, mwenye karatasi si rahisi kubebewa meza.

Ruksa ilikuwa ya nani?

Watu wanasema Tanzania iliingia uliberali mamboleo na Mzee Mwinyi, ruksa, basi. Mimi naona zilikuja ruksa mbili na zinafaa sana kutofautishia hawa jamaa.

Turudi 1983, ile vita ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine. Bidhaa hamna, sukari foleni, halafu mwenye katoni za ziada anaitwa mhujumu. Baba mkubwa alikuwa na kiduka, anasimulia walivyofukia sabuni shambani usiku na mvua ikanyesha, asubuhi shamba zima lina povu, wakabaki wanacheka na kulia. Kwa mlibertaria hakuna mfano mzuri zaidi duniani, mtu anaogopa kukamatwa kwa kumiliki sabuni.

Afu 1984, Mwalimu bado yuko madarakani, bajeti ikaruhusu mtu mwenye dola zake kuleta bidhaa kutoka nje na asiulizwe sana kazipata wapi. Madukani vitu vikaanza kuonekana. Hiyo ruksa ya kwanza ndo ina harufu ya kilibertaria, serikali imetoa mkono tu, haijajenga kitu.

Ruksa ya pili ilikuja na makubaliano ya 1986 na IMF, ikaendelea mpaka ubinafsishaji wa miaka ya tisini, na hii ilikuwa mradi wa serikali mwanzo mwisho. Mashirika yanauzwa, wafanyakazi wanapunguzwa, wananchi wanachangia gharama hospitali na shule. Na baada ya hapo, hapa ndo patamu, zikazaliwa ofisi mpya: TCRA ya mawasiliano, SUMATRA ya usafiri, EWURA ya nishati na maji, tume ya ushindani. Wanaosema uliberali mamboleo ni kuiondoa serikali wangejiuliza hizi zimetoka wapi. EWURA mpaka leo inatangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi. Mlibertaria akisikia bei kikomo presha inapanda, mliberali mamboleo anaona ni mwamuzi yuko uwanjani, mpira uendelee. Wazee waliokuwa wanasema soko huria limekuwa soko holela walikuwa wanadai huyo mwamuzi bila kujua.

Mfano mwingine ni maji ya Dar. Kampuni ya City Water, ndani yake ikiwemo Biwater ya Uingereza, ilikabidhiwa kuendesha maji ya jiji 2003 kwa mkataba wa miaka 10, na lilikuwa moja ya masharti ya wafadhili na ya kusamehewa madeni. Mei 2005 serikali ikavunja mkataba. Kesi ikaenda mahakama ya usuluhishi, 2008 uamuzi ukatoka kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji lakini haikuamriwa kulipa fidia. Kila mtu analitumia hili kuwapiga wa soko huria wote kwa fimbo moja, ila mlibertaria atakwambia hilo si soko hata kidogo, ni serikali imechukua ukiritimba wake ikamkabidhi mtu mmoja, mteja wa Manzese hakuwa na pa kuhamia. Ana hoja. Lakini ukimuuliza sasa wewe ungelaza mabomba ya kampuni ngapi chini ya barabara moja, anakupeleka kwenye mada nyingine.

Chile, na kile kitu kinachonisumbua

Jeshi lilipindua serikali Septemba 1973, Jenerali Pinochet akakaa, uchumi wakakabidhiwa vijana waliosoma Chicago, chuo alichofundisha Friedman. Friedman alienda 1975 kutoa mihadhara akaonana na Pinochet, jambo lililomfuata maisha yake yote. Mwaka 1981 wakabinafsisha pensheni: kila mwajiriwa mpya asilimia 10 ya mshahara inaenda lazima kwenye akaunti yake inayosimamiwa na kampuni binafsi.

Soma tena hapo kwenye neno lazima. Mliberali mamboleo anaona uhuru, maana unachagua kampuni. Mlibertaria makini anaona serikali imenishika mkono ikaniingiza kwenye duka la rafiki yake na kuniambia chagua. Na wanajeshi wenyewe? Wao walibaki kwenye mfumo wao wa zamani. Waliwapikia wengine chakula wao hawakuonja.

Swali kubwa lakini ni hilo la Pinochet mwenyewe. Uliberali mamboleo unaweza kukaa na dikteta nyumba moja na chai ikanywewa, kwa sababu uhuru wa soko kwake ndo nguzo na kura ni kitu unachoweza kusubiri. Mlibertaria kwa maandishi yake hawezi, mtu kutekwa na kuteswa na dola ndo dhambi kuu kabisa. Kwa maandishi nasema. Kwenye vitendo wako waliokaa kimya.

Mengine nayapitia haraka. Bangi na kuandikishwa jeshi kwa lazima: Friedman na walibertaria walikuwa pamoja, wote hawataki, Marekani ikaacha kuandikisha kwa lazima 1973 na Friedman alikuwa kwenye tume iliyopendekeza hivyo. Thatcher wa Uingereza na Reagan wa Marekani, vinara wa uliberali mamboleo madarakani, wao kwenye mambo ya mwilini mwako hawakuwa na uhuru huo wa kukupa. Benki kuu: mmoja anataka ijitegemee na ibane mfumuko wa bei, mwingine anataka ifungwe. Mabenki ya Marekani yalipoanguka 2008 bunge lao likapitisha dola bilioni 700 za kuyaokoa, watu wa uliberali mamboleo wakasema inauma ila mfumo utakufa, Ron Paul, mbunge wa kilibertaria, akapiga kura ya hapana, aliyekopesha vibaya aanguke. Kama wewe ulisema "waanguke" bila kusita basi una damu ya kilibertaria, hata kama hujijui.

M-Pesa nayo wote wanaigombania. Machi 2007 Kenya, benki kuu ikaacha ianze kwa barua tu ya kutokuwa na pingamizi wakati sheria yenyewe haijatungwa, mlibertaria anashangilia unaona, waacheni watu! Sawa, ila Safaricom, kampuni iliyoianzisha, serikali ya Kenya ilikuwa mwanahisa wake mkubwa, na hela ya majaribio karibu pauni milioni moja ilitoka mfuko wa misaada wa Uingereza. Na Kenya hiyo hiyo ina James Shikwati, pengine sauti ya kilibertaria inayojulikana zaidi ukanda huu, ambaye 2005 aliliambia jarida la Ujerumani kwamba misaada kwa Afrika isimamishwe. Sijui M-Pesa anaiwekaje.

Shule ndo inayonikwamisha na wote wawili. Mliberali mamboleo wa Friedman anataka serikali itoe vocha mzazi achague shule, mlibertaria anauliza vocha ya nini, mwachie mzazi hela yake tangu mwanzo. Lakini 2003 Kibaki alipofuta ada za msingi Kenya waliingia zaidi ya watoto milioni moja ambao hawakuwepo, na Januari 2004 mzee Kimani Maruge, miaka 84, akaenda Eldoret kuanza darasa la kwanza amevaa soksi ndefu na kaptula. Tangu uhuru wa Kenya huyo mzee alikuwa hajashikwa shati na mtu ili asiende shule. Kwa kipimo chao alikuwa huru kabisa kwenda shule tangu zamani.

Sasa uchague vipi. Mimi nasema usianze na vitabu, anza na unachokiogopa. Kama kinachokukosesha usingizi ni mtu mwenye sare, kibali, ushuru wa ushuru, fomu ya kuomba fomu, unaishi maisha ya mlibertaria na utawaelewa haraka, ila jiandae kujibu swali la njia ya waenda kwa miguu ni ya nani na swali la Maruge. Kama unachoogopa ni hela inayopoteza thamani, mahakama inayonunuliwa, mkataba usioheshimika, mashirika ya umma yanayokula hasara mwaka hadi mwaka, utajikuta kwa mliberali mamboleo, na wewe swali lako ni Chile. Ukiwa unaogopa vyote viwili, karibu, tupo wengi, hapo unachukua kipande huku na kipande kule na watu wa pande zote watakuita msaliti.

Na usidhani anayejiita jina fulani ndo anachofanya. Milei aliingia Desemba 2023 na ule msumeno aliokuwa anaubeba kwenye kampeni kuonyesha atakavyoikata serikali, anajiita mfuasi wa soko lisilo na dola kabisa, wizara zikashuka kutoka 18 hadi 9, benki kuu aliahidi kuilipua. Benki kuu ipo. Aprili 2025 akasaini na IMF mkopo mpya wa dola bilioni 20. Yule mbwa Murray sijui anaendeleaje, ila ukiangalia kazi zinazofanyika pale ikulu, anayelishwa ni Milton.